Siku ya Kuhesabu Mikorosho: Tuliyojifunza Kwenye Fidia ya Shamba la Mama

Mama yangu ni Mmwera wa Lindi. Shamba lake la mikorosho liko bara kidogo ukitoka Mingoyo, mahali ambapo watu wazima hupaita Mahame, kwa sababu kabla ya Operesheni Vijiji, watu walipokusanywa vijijini miaka ya 1970, palikuwa na kaya nyingi, na wenyewe walipohamishwa ikabaki miembe, makaburi na mikorosho. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lindi mjini. Eneo lile lilipotakiwa kwa mradi wa umma, kazi ya kufuatilia fidia ilinijia mimi, maana ndiye mtoto niliye karibu. Mradi sitautaja, wala taasisi iliyousimamia, kwa kuwa sehemu ya shauri letu bado haijaisha.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa kusini. Bomba la gesi la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililokamilika 2015, lilipita katikati ya mashamba ya watu. Likong'o, Mto Mkavu na Masasi ya Leo, hapa hapa Manispaa ya Lindi, zaidi ya hekta 2,000 zilitengwa kwa ajili ya kiwanda cha kuigeuza gesi asilia kuwa kimiminika, na wenye maeneo wakaanza kulipwa 2020, miaka kadhaa baada ya eneo kutengwa. Barabara zinapanuliwa, bandari zinaongezwa, nguzo za umeme mkubwa zinasimikwa. Mtu anayepalilia leo bila wasiwasi anaweza kuitwa mkutanoni wiki ijayo.

Katika yote tuliyopitia nimeamini kwamba fidia huamuliwa siku wathamini wanapoingia shambani. Hundi, malalamiko, barua, mahakama, vyote hurudi kwenye kilichoandikwa siku ile na jina lililoandikwa juu ya karatasi. Watu wengi huanza kuhangaika pesa zikichelewa. Wakati huo mambo makubwa yameshapita.

Mkutano wa kwanza wa kijiji ulikuwa mfupi mno kwa jambo zito namna ile. Wageni walisema mradi una manufaa kwa taifa, kila mtu atapata haki yake, na kuanzia siku hiyo mtu asipande zao la kudumu wala asijenge nyumba mpya ndani ya eneo. Wananchi waliuliza swali moja kwa maneno tofauti: mti shilingi ngapi? Jibu likawa mthamini atakuja. Mzee mmoja aliyeketi mbele aliuliza jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria: "Hiyo amri ya kutopanda, tarehe yake imeandikwa wapi?"

Namheshimu mzee yule mpaka leo. Tarehe ile ndiyo mstari kati ya mti utakaolipwa na mti utakaofutwa. Baadaye walitokea watu, wengine si wa kijiji kabisa, waliochomeka miche ya mikorosho usiku, na kwa sababu yao kila mwenye mikorosho michanga alitiliwa shaka. Waliopona ni wale ambao mtendaji wa kijiji aliwaandika kwenye muhtasari wa mkutano kwamba wakati wa tangazo miche yao ilikuwa tayari shambani. Tuliomba muhtasari uandikwe, usomwe kwa sauti, orodha ya mahudhurio iambatanishwe, na nakala zitolewe. Mtendaji hakukataa. Alikuwa hajaombwa tu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatukulijua siku ile. Ardhi ya kijiji ina utaratibu wake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Rais ana uwezo wa kuihamisha iwe ardhi ya jumla au ya hifadhi kwa manufaa ya umma, lakini wanakijiji wanapaswa kupewa taarifa na kusikilizwa. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri baada ya kupata mapendekezo ya mkutano huo. Na sheria inataka aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kulipa na wakati wa kulipa vikubaliwe kabla ardhi haijahamishwa. Kwa hiyo mkutano ule ulikuwa na nguvu ya kisheria. Sisi tulikaa kama tumeitwa kusikiliza matangazo.

Nilimwambia mama twende tukaupitie mpaka. Akasema mpaka wake anaujua tangu yu msichana. Nikamuuliza ni nani mwingine anayeujua. Akanyamaza kidogo, akasema, "Waliokuwa wanaujua, wengi wako kwenye makaburi yale yale."

Basi tukawatafuta waliobaki. Tulitembea na majirani wa pande zote, mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili, nami nikiandika kila alama: mwembe mkubwa, kijito kinachokauka kiangazi, kichuguu, njia ya miguu iendayo kisimani. Upande mmoja tukakwama. Jirani alisema mikorosho iliyo ng'ambo ya njia ni yake. Baba yake alipewa eneo lile na kijiji 1974, wakati watu walipokusanywa. Mama alisema miti ile ilipandwa na bibi yangu kabla ya kuhama, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuokota korosho pale akiwa mdogo. Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Nilikwenda kwa msaidizi wa kisheria mjini nikiamini ukweli wa mama ungetosha. Alinifungulia Sheria ya Ardhi ya Vijiji akanionyesha kifungu cha 15. Kinasema mgao wa ardhi uliofanywa kwa watu waliohamia au kuhamishiwa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977 umethibitishwa kuwa halali, na haki za kimila zilizokuwapo kabla yake kwenye ardhi hiyo zimekoma. Nilikisoma mara ya pili nikiwa na uchungu. Mikoa ya Mtwara na Lindi ilihamishwa karibu yote katika miaka ile, kwa hiyo kifungu hiki kinagusa koo nyingi huku. Mtu aliyeacha mikorosho ya mama yake akaenda kuishi kwenye mstari wa nyumba barabarani hakuambiwa kwamba anaiaga kisheria.

Kumweleza mama ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika shauri hili. Hakulia wala hakubisha. Aliuliza upande wa pili, huku kuliko na kaburi la bibi, kama napo palishagawiwa mtu. Wazee wakasema hapana, upande ule kijiji hakikumpa yeyote, na ukoo wetu haukuacha kuvuna. Tukaandika makubaliano: ng'ambo ya njia ni kwa jirani, huku ni kwetu. Pande zote tukatia sahihi, wazee wakashuhudia, mtendaji akagonga mhuri. Jirani alimwambia mama, "Dada, msimu huu njoo uokote tu huko kwangu, mradi haujafika." Undugu ukabaki.

Walioacha mabishano yao hadi siku ya uthamini waliona matokeo yake. Mthamini hana mamlaka ya kuamua mpaka. Aliandika neno "mgogoro" kwenye karatasi akaenda shamba linalofuata. Zipo familia mbili ambazo jina lao lilipoitwa kwenye malipo, pesa ilizuiwa hadi wamalizane, na hawajamalizana.

Wathamini walipokuja walikuwa vijana, wenye adabu, wenye haraka. Walimwamkia mama shikamoo, wakampa maji, wakaanza kazi. Eneo lilikuwa kubwa na wao walikuwa wachache. Siwalaumu kwa haraka yao, ila haraka yao ilikuwa inagharimu watu.

Mti haulipwi kama mti tu. Unaingizwa kwenye daraja: mche, mti unaokua, mti unaozaa, mti uliozeeka. Kila daraja lina kiwango chake, na tofauti ya mti unaozaa na mti uliozeeka ni kubwa. Mkorosho unaanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu hivi, na ukitunzwa unaendelea kwa miongo kadhaa. Sasa kijana aliyefika Lindi mwezi wa Machi atautazama mkorosho usio na ua wala bibo, gome limepasukapasuka, aandike umezeeka. Hapo ndipo mama yangu, ambaye hajui kuandika jina lake, alipofanya kazi ambayo mimi na elimu yangu nisingeiweza. Alimwendea kijana yule mti kwa mti. "Huu mwanangu ulipogolewa mwaka juzi, tazama machipukizi yake. Huu tunaupulizia salfa kila mwaka, haujakosa kuzaa. Ule pale ndio mzee, uandike mzee, sikatai." Alipokubali ule mmoja kwamba ni mzee, kijana akaanza kumwamini kwa mingine. Mingi iliyokuwa imeshaandikwa imezeeka ikabadilishwa mbele yetu.

Sisi tulikuwa tumeshaihesabu na kuipiga picha kwa simu kabla, mstari kwa mstari. Kwa nafasi inayopendekezwa na wataalamu, mita 12 kwa 12, ekari moja huchukua mikorosho 27 au 28. Ya bibi ilipandwa bila kamba, mahali imesongamana na mahali ina uwazi, kwa hiyo kukadiria kwa ukubwa wa shamba kungetupunja. Tulipolinganisha hesabu yetu na yao, upande wa bondeni hawakuufika kabisa. Wakarudi wakauhesabu. Kama tusingekuwa na hesabu yetu, tungejuaje?

Penye shida kubwa ni kwenye shamba lililolazwa. Sisi hatulimi eneo lote kila mwaka. Unalima ufuta au muhogo misimu kadhaa, unaliacha lipumzike, vichaka vinaota, kisha unarudi. Kijana akalitazama akasema, "Hili ni pori, mali ya kijiji." Mzee wa jirani akampeleka ndani ya vichaka. Akamwonyesha visiki vilivyokatwa kwa shoka vikachipua upya, matuta ya muhogo yaliyobaki kama mbavu chini ya majani, vigae vya vyungu, na miembe miwili iliyopandwa sambamba ambayo haiwezi kuota yenyewe namna ile. Kijana aliandika baadhi, akaacha baadhi. Ekari kadhaa hazikuingia.

Jambo hili lina historia. Chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, mtu aliyetwaliwa ardhi isiyoendelezwa hakulipwa thamani ya ardhi yenyewe, alilipwa kilichofanywa juu yake kama kipo. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, ilikuja na msimamo mwingine: ardhi ina thamani, na anayenyang'anywa anastahili fidia kamili, ya haki na ya haraka. Katiba nayo, Ibara ya 24, inakataza mtu kunyang'anywa mali bila fidia inayostahili. Lakini mawazo ya zamani hayajaondoka vichwani mwa watu, hata mwa wenye mashamba. Nimesikia wazee wetu wenyewe wakisema, "Ardhi ni ya Rais, sisi tunalipwa miti." Mtu akiamini hivyo hatasimama kulidai shamba lililopumzika.

Makaburi yalienda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kuna sheria mahususi ya kuhamisha makaburi ya 1969, na wahusika walikuwa wanaijua. Tuliyaonyesha, yakaandikwa, mwalimu wa madrasa akashirikishwa tangu mwanzo. Bibi alihamishwa kwa heshima.

Sasa jina. Kwetu Wamwera ardhi ilifuata upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Mjomba wangu, kaka yake mama, alishafariki. Watoto wake wa kiume walikuja siku ya uthamini wakisema shamba lilikuwa chini ya baba yao na wao ndio warithi. Sikuwaona kama wezi. Walikua wakimwona baba yao akilisimamia shamba lile, na watu wengi siku hizi hurithi kwa baba, kwa sheria ya dini au kwa mazoea. Fomu lakini ina mstari mmoja wa jina.

Kilichomsaidia mama ni karatasi za korosho. Korosho zetu huuzwa kupitia chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, kwa stakabadhi ghalani, yaani mzigo unawekwa ghalani na mkulima anapewa karatasi hadi uuzwe mnadani, na mauzo ya miaka yote yalikuwa kwa jina lake. Pembejeo nazo, salfa na nyinginezo, alisajiliwa yeye kama mkulima wa shamba lile. Karatasi zile alizihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro kwa ajili ya mambo ya mnada, si kwa ajili ya fidia. Ukoo ukakaa, ukasoma, ukakubali aandikwe yeye, na kwamba sehemu ya malipo iende kwa watoto wa mjomba kwa kazi aliyoifanya baba yao. Kikao kikaandikiwa muhtasari. Kwa familia ambayo mwenye shamba amefariki na hakuna karatasi, njia ni kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo na kuteua msimamizi mapema. Na nawaomba wanaume wa kusini, mke aliyepalilia na kuokota pamoja nawe miaka yote, jina lake liandikwe pia. Nimewaona wanawake wawili waliorudi kwa kaka zao mikono mitupu baada ya fidia kuingia kwenye akaunti ya mume peke yake.

Mwisho wa siku ile mama alipigwa picha akiwa ameshika kibao chenye namba yake, kisha akaambiwa aweke dole gumba. Safu ya idadi ya miti ilikuwa imejazwa kwa penseli. Nilimwomba kijana aandike kwa kalamu kwanza. Alijaza, akatia sahihi, mama akaweka dole, nami nikapiga picha ukurasa mzima mbele yake. Nasisitiza jambo hili kuliko yote: msiweke dole kwenye karatasi yenye nafasi tupu, na msiondoke bila picha ya karatasi hiyo.

Kuhusu posho, wengi walikuwa na matarajio yasiyolingana na kanuni, na wengine waliachwa bila kudai walichostahili. Kanuni za 2001 za kukadiria thamani ya ardhi kwa ajili ya fidia zinataja thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi au hasara ya faida, na gharama nyingine za kuendeleza ardhi. Posho ya usumbufu ni thamani ya mali mara kiwango cha wastani cha riba ambacho benki za biashara hulipa kwa amana za miezi 12. Kwa mfano, mali ikithaminiwa shilingi 10,000,000 na kiwango kikiwa asilimia 8, posho hiyo ni shilingi 800,000. Posho ya makazi ni kodi ya nyumba kwa miezi 36. Usafiri ni gharama ya kubeba tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Ardhi ambayo hakuna mtu anayeikalia haipati usafiri na makazi. Mama haishi Mahame, ana dungu la kulindia tu, kwa hiyo alipata usumbufu bila hizo nyingine. Jirani ambaye ana nyumba ya udongo pale alistahili zote tatu na hakuwa anajua.

Baada ya hapo ni kusubiri, na wakati wa kusubiri ndipo watu walipoumia kimyakimya. Wengine waliacha kupuliza na kupalilia wakisema miti si yao tena, wakakosa misimu mizima ilhali tulikuwa tumeruhusiwa kuvuna hadi tulipwe. Wakaja watu wa mjini na pesa mkononi. Huku tunaijua kangomba, mnunuzi anayekukuta kifuku una njaa akachukua korosho za msimu ujao kwa bei ya kutupa. Fidia nayo ilinunuliwa namna hiyo: mtu anapewa laki chache leo, anaandikishiana kwamba hundi ikitoka yote ni ya mkopeshaji. Kijana mmoja niliyemfundisha darasa la tano alimaliza fidia ya baba yake hivyo.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, Namba 7 ya 2016, ndiyo iliyotupa mahali pa kushika. Taarifa ya uthamini ikishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi 6. Ikichelewa zaidi, inaongezeka riba kwa wastani wa kiwango cha benki za biashara hadi siku ya malipo. Ikipita miaka 2 bila kulipwa, uthamini ule unakufa na mali inathaminiwa upya. Jambo la kwanza kuulizia kwa hiyo ni tarehe ya idhini ya Mthamini Mkuu, maana hesabu yote huanzia hapo. Siku wathamini walipokuja shambani haihesabiki. Tuliiulizia kwa barua, tukajibiwa kwa barua.

Miezi 6 ilipita. Tuliandika barua moja ya pamoja, sahihi na madole ya wadai wengi, tukiomba malipo na riba, tukitaja sheria na tarehe. Haikuwa na neno la matusi. Nakala tulipeleka kwa mtendaji wa kata, halmashauri na ofisi ya mkuu wa wilaya, kila nakala yetu ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Orodha ya kwanza ya malipo ilipobandikwa haikuwa na riba. Tukaandika tena, tukiambatanisha barua ya kwanza. Orodha iliyofuata ilikuwa na safu ya riba. Haikuwa pesa nyingi kwa mtu mmoja mmoja, lakini ilikuwa haki yetu, na waliokuwa wakisema serikali haiwezi kuandikiwa barua na wakulima waliiona kwa macho yao.

Mama alilipwa kupitia akaunti yake mwenyewe. Amenunua shamba jingine mbali zaidi kidogo, dogo kuliko la kwanza, kwa sababu bei za mashamba ya jirani zilipanda mara tu mradi ulipotangazwa. Amepanda miche ya mbegu za kisasa. Hapa nina neno langu. Kiwango cha mti kinalipa mti, hakilipi miaka ambayo mama atasubiri miche ile ikue huku hana cha kupeleka mnadani. Mfanyabiashara akihamishwa, kanuni zinamhesabia faida ya miezi 36 kwa hesabu zake zilizokaguliwa. Mkulima wa korosho ana stakabadhi za AMCOS za miaka mingi, zinaonyesha kilo na shilingi, na hakuna aliyezitazama kwa ajili hiyo. Wabunge wa mikoa yetu wangelisimamia hili wangetutendea haki.

Zile ekari zilizoitwa pori hazijalipwa. Tulipeleka malalamiko kwa wahusika, tukajibiwa kwamba taarifa ya uthamini imeshafungwa. Wakili tuliyempata kupitia msaada wa kisheria alitueleza mambo mawili ambayo ningependa kila mdai ayajue mapema. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2020, kesi dhidi ya serikali, hata ikiwa ni halmashauri, inafunguliwa Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiunganishwa, na kabla ya hapo lazima itolewe notisi ya siku 90. Ukienda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya utapoteza muda. Pili, Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa mwaka mmoja tu kwa madai ya fidia yatokanayo na jambo lililofanywa kwa mujibu wa sheria. Watu hukaa miaka mitatu wakizungushwa ofisini kwa maneno mazuri, na wanapoamka mlango wa mahakama umefungwa.

Notisi yetu imepokelewa na nakala ina mhuri. Mzee aliyeonyesha visiki amekula kiapo mbele ya wakili na maelezo yake yameandikwa, kwa kuwa umri wake umekwenda na hatukutaka kungoja. Picha za matuta na miembe zimechapishwa, zina tarehe. Siku 90 zikiisha bila maelewano tutafungua shauri Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara, na majirani wanne wenye mashamba yaliyolazwa kama letu wameomba tuungane nao.